Maua Yasiyozaa Kitu

Mama mkwe wangu alipofika kwetu Bunia, hakuuliza habari za mtoto wala hakuomba maji ya kunywa. Alisimama mlangoni mwa salon, yaani sebule, kikwembe chake cha kujifunga kimejaa vumbi jekundu la njia ya Djugu, akautazama mmea uliokuwa ukipanda kigingi chake pembeni mwa dirisha. Akamwuliza mwanawe, yaani mume wangu:

"Hii iko nini?"

"Iko maua, mama."

"Inazaa nini?"

"Haizae kitu."

"Haikuliwe?"

"Haikuliwe. Hata mbuzi akiitafuna, inamuwasha kinywa."

Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Na munaipatia maji," akasema, wala hakuwa anauliza.

Kijiji chao kilikuwa kimechomwa juma lile. Alikuja juu ya lori pamoja na watu wengine, hana kitu mkononi isipokuwa sufuria ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Baba mkwe hakuja naye. Mume wangu alimwuliza mara moja, kwa lugha yao, mama akajibu kwa maneno machache, mume wangu akatoka nje akakaa nyuma ya nyumba hadi jua lilipozama. Hakuna aliyenitafsiria. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Hadi siku ile mimi na mama mkwe tulikuwa hatujawahi kulala nyumba moja. Yeye ni wa wakulima wa Djugu. Mimi nimezaliwa upande wa Bogoro, kwa watu wa ng'ombe. Mtu wa Ituri, jimbo letu, hahitaji nimweleze zaidi. Kwa wengine nitasema hivi: watu wa kwetu na watu wa kwao waliuana, kisha wakaacha, kisha wakaanza tena, na katikati ya kuacha na kuanza tena kulikuwa na miaka ambayo watu waliuziana maharagi na maziwa, wakasali kanisa moja, wengine wakaoana. Sisi tulioana katika miaka hiyo. Mama mkwe hakuja kwenye ndoa. Alituma kuku, na neno kwamba mgongo unamuuma.

Mume wangu alikuwa seremala. Mmea ule aliupewa na mama mmoja mgeni aliyemtengenezea rafu za vitabu, na ambaye siku ya kurudi kwao alikuwa anagawa vitu vyake. Wengine walichukua viti na mapazia. Mume wangu alikuja na kipande cha shina chenye majani machache, kimesimamishwa ndani ya chupa ya maji, amekifunga nyuma ya baiskeli kama mtu anayebeba yai. Nilicheka sana. Lakini lilipotoka jani la kwanza humu ndani kwetu, nilikwenda kuliangalia kila saa. Lilitoka limejiviringa kama sigara, kisha likafunguka polepole: upande mmoja kijani kizito, upande mwingine mweupe kama maziwa yaliyomwagika, na katikati madoadoa. Lililofuata lilikuwa na sura nyingine kabisa. Hakuna majani mawili yaliyofanana.

Alikata bidoni, yaani dumu la mafuta, akaitoboa chini, akachanganya udongo na makaa yaliyopondwa na maganda ya kahawa ili maji yasikae. Alichonga mti wa mkaratusi, mimi nikashona gunia kuuzungushia, na kila asubuhi alililowesha lile gunia kwa kikombe ili vimizizi vya shinani vipate mahali pa kushika. Maji ya chini hayakuwa ya kila siku. Alichomeka kidole kwenye udongo hadi fundo la pili, na kama kidole kilitoka kikavu ndipo alimwagilia. Majira ya kiangazi, vumbi la barabara lilipoingia hata kwa milango iliyofungwa, Jumapili baada ya misa alifuta majani kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, akiimba kwa sauti ya chini. Sijui kwa nini mtu aliyetumia wiki nzima kukata miti alipenda kumaliza wiki hivyo. Nilimwuliza siku moja. Alisema tu kwamba mkono wake unapumzika.

Mama mkwe aliamka kabla ya sote, kila siku. Nilimsikia akizunguka nyuma ya nyumba. Mwanzoni nilidhani anatafuta choo, kumbe alikuwa anatafuta jembe. Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, haikuwa na shamba. Ilikuwa uwanja mdogo uliokanyagwa ukawa mgumu kama meza, na ukuta wa jirani unaanza pale uwanja unapoishia. Mtu aliyekuwa na mihogo, maharagi na kahawa hadi kwenye kijito, sasa alikaa siku nzima kwenye kiti cha plastiki, mikono yake mapajani kama vitu alivyoazima. Mimi nilimsalimu, yeye aliitika. Nilimpa bugali na sombe ya majani ya mihogo, alikula. Hatukuwa na neno lingine.

Mume wangu wakati ule alikuwa na kazi Kasenyi, kando ya ziwa, anatengeneza milango na meza za wafanyabiashara wa samaki, na aliteremka kule kwa majuma. Alipoondoka, mama mkwe aliushika ule mmea. Hakuniomba. Aliumwagilia asubuhi na jioni kama mboga. Kisha siku moja niliporudi sokoni nikaukuta uwanjani, kwenye jua la saa sita, na yeye ameketi kando yake ameridhika. Kufikia jioni sehemu zote nyeupe zilikuwa zimeungua, zimekuwa kahawia na nyepesi kama karatasi iliyopitishwa motoni. Niliuingiza ndani bila kusema kitu. Nadhani kule kutosema kulisikika nyumba nzima.

Mume wangu aliporudi aliangalia majani, akamwangalia mama yake, akacheka kidogo.

"Mama, hii upande nyeupe haina nguvu. Kijani ndio inapikia nyeupe. Jua ikiipiga, nyeupe inakufa ya kwanza."

Mama akafikiri. "Kama kahawa yenye iko mutoto," akasema.

"Ndiyo, mama. Kama kahawa yenye iko mutoto."

"Ungesema tangu mbele. Kahawa ninajua."

Tangu siku hiyo hakukosea tena juu ya jua. Yeye ndiye aliyetambua kwamba dirisha la magharibi linafaa kuliko la mbele, tena akatundika kipande cha chandarua cha mbu kilichochakaa ili mwanga uingie umechujwa. Lakini maji hakuweza kujizuia. Alisema udongo mkavu unamtia huzuni.

Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu. Mume wangu alikuwa tena Kasenyi majani yalipoanza kugeuka manjano kutoka chini. Mama mkwe aliinama akanusa udongo.

"Imeoza," akasema. "Njoo na kisu."

Tulitandika gunia sakafuni jikoni, tukaulaza mmea wote na mti wake, tukauvuta kutoka kwenye bidoni. Harufu ilikuwa kama ya maji ya mihogo iliyosahauliwa. Mizizi mingi ilikuwa laini, ukiigusa inachubuka ngozi. Yeye alishika, mimi nikaosha kwa maji ya vuguvugu, tukatafuta mizizi michache iliyokuwa bado migumu na myeupe. Hiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza ya pamoja. Vichwa vyetu vilikuwa karibu sana, na nadhani ni kwa sababu hatukuweza kutazamana ndiyo maana aliweza kusema.

"Muzee hakuweza kukimbia," akasema. "Miguu yake ilikuwa na ugonjwa. Aliniambia niende. Nikaenda. Nilipitia mu mihogo. Nilimusikia, kisha sikumusikia tena."

Nikaendelea kuosha.

"Sijue nani alimuzika. Sijue kama alizikwa."

"Pole, mama."

"Walikuwa watu ya kwenu."

Nilisema, "Ninajua, mama."

Maji yalikuwa yameanza kupoa. Nikamwambia jambo ambalo mume wangu alilijua lakini hatukuwahi kulitamka katika nyumba ile: kwamba mdogo wangu wa kiume aliuawa kwenye vita vya kwanza, akitoka kukamua ng'ombe, na kwamba mama yangu alimtambua kwa mkanda tu.

Mama mkwe aliacha kugeuza mizizi. "Ni watu ya kwetu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Alifuta mikono kwenye kikwembe. Kisha akanipa kisu, akaweka kidole kwenye shina, juu kidogo ya sehemu iliyooza. "Kata hapa," akasema. "Usiogope. Hapa iko muzima."

Nilikata. Tuliweka vipande ndani ya chupa za maji zilizopangwa dirishani, na baada ya majuma vilitoa mizizi mipya, mifupi na minene, na binti yetu mdogo aliita majirani waje kuiona. Tulivipanda pamoja katika bidoni ileile iliyosafishwa kwa majivu. Siku hizo mimi na mama mkwe tulianza kuzungumza: kwanza juu ya mmea tu, baadaye juu ya bei ya samaki, baadaye juu ya mtu yeyote aliyepita barabarani. Alikuwa na ulimi mkali na aliweza kuiga mwendo wa kila mtu wa mtaa wetu. Sikujua kwamba alikuwa mtu wa kuchekesha. Mume wangu aliporudi akatukuta tunacheka jikoni, alisimama mlangoni na mfuko wa samaki mkononi, hakuingia mara moja.

Kisha kukatulia. Watu walianza kusema njia imefunguka, kwamba wengine wamerudi Djugu wamelima na hakuna aliyewagusa. Malori yaliondoka asubuhi yakiwa na watu, majembe na mbegu. Mama mkwe alitaka kwenda, mume wangu akakataa. Alisema ataenda yeye kwanza, aone shamba, apande maharagi kidogo, na atafute baba yake ili amzike vizuri. Nilimfungia viazi vitamu kwenye jani la ndizi. Alipotoka alipitisha mkono chini ya chandarua, akachomeka kidole kwenye udongo wa bidoni, akasema, "Kesho kutwa." Alimaanisha maji.

Lori lao lilisimamishwa njiani kabla ya kufika. Waliouawa walikuwa wengi, na yeye alikuwa mmoja wao. Waliofanya hivyo, hakuna aliyewajua kwa uhakika. Kila mtu alisema jina la kundi alilolichukia. Njia ilifungwa tena siku ileile, kwa hiyo watu wa kijiji kilichokuwa karibu waliwazika palepale, na mmoja aliyemfahamu mume wangu aliweka alama ya ubao mahali pake. Hatukuletewa mwili. Tulifanya matanga bila mwili, viti vimetolewa uwanjani, wanawake wamelala salon juu ya mikeka, na mtu fulani akausukuma mmea kwenye kona ya giza ili kupata nafasi.

Baada ya maombolezo, mdogo wa baba mkwe alikuja. Alizungumza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Shemeji, hauwezi kukaa kwa huyu. Watu wanasema."

"Huyu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Unajua mwenye ninasema."

"Huyu ni muke ya mutoto yangu. Mutoto yangu hana kaburi yenye ninaona. Iko na nyumba tu. Nikitoka hapa, nitamutafuta wapi?"

Mzee yule akainuka. Hakunywa chai niliyomwekea.

Siku chache baadaye akaja kaka yangu kutoka Bogoro, naye kwa ujumbe wake. "Rudi kwetu," akaniambia. "Uko kijana bado. Mutoto tutamulea."

"Na mama nitamuacha na nani?"

"Haiko mama yako."

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa kwa pazia tu. Akatoka na bugali na samaki ambao alikuwa amewapika mwenyewe, akaviweka mbele ya kaka yangu, akamwagia maji mikononi kama mgeni yeyote. Kaka yangu alitazama ile sahani. Kisha akala. Hakula sana, lakini alikula, na alipoondoka alimuaga akimwita mama.

Mmea ulipotolewa kwenye kona ulikuwa umechukia giza lile. Majani mawili yalianguka. Kisha shina likatoa tawi jipya lenye nguvu ya ajabu, majani yake makubwa na ya kijani kitupu, hakuna doa. Nililijua tawi la namna hiyo. Mume wangu alikuwa akilikata kila lilipotokea, kwa sababu, alisema, kijani kitupu kinakula chakula chote na kukimbia mbele, na weupe haurudi. Nilileta kisu. Mama mkwe akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Acha."

"Yeye alikuwa anaikata, mama."

"Ninajua. Nilimuona. Lakini mi siwezi kuona mutu akikata kitu chenye kinaota. Kwa sasa siwezi."

Nikarudisha kisu. Tawi likapanda, likapita ncha ya mti wa mkaratusi, likatambaa juu ya mlango. Majani ya zamani, yale yenye maziwa, yaliachwa chini, yakaanguka moja baada ya jingine kwa miezi. Kila lililoanguka nililiokota kabla mtoto hajalifagia. Watu walioingia walisema mmea wenu umependeza, umekuwa mkubwa sana, na walikuwa wanasema kweli. Lakini mimi niliona mkono wa mume wangu unaondoka nyumbani kwangu, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Ulipokuja utulivu mwingine, mama mkwe alifunga vitu vyake. Sufuria ndogo ileile, kikwembe, jembe jipya.

"Ninaenda kukaa karibu na kaburi ya mutoto yangu," akasema. "Hapana mutu kule wa kung'oa majani."

Nilimsihi. Nilisema njia hii tunaijua. Alisema yeye amezeeka, na kama ni kufa, Bunia pia watu wanakufa. Kisha akasema: "Weye hauwezi kwenda kule. Mi ninaweza. Mumoja kati yetu aende."

Ilikuwa kweli. Mahali pale alipozikwa mume wangu, mtu wa kwetu hakanyagi. Sura yangu ingetosha kunitambulisha.

Nilikata kipande cha mmea, nikakifunga kwenye pamba yenye maji na plastiki ili akipande kaburini. Alikipokea, akakishika kwenye mwanga, akanirudishia.

"Kule iko jua tupu. Itaungua mbele ya juma kuisha, na mi ndio nitaiangalia ikiungua. Nitapanda maharagi. Maharagi inafunika udongo vizuri."

Aliondoka asubuhi yenye ukungu. Binti yangu alimsindikiza hadi penye malori.

Wiki ile nililikata tawi la kijani. Nilikata hadi chini, kwenye kifundo cha mwisho chenye mstari mweupe, mmea mrefu kama mlango ukabaki kisiki cha kiganja. Jani la kwanza lililotoka lilikuwa kijani. La pili kijani. Kwenye la tatu kulikuwa na uzi mweupe mwembamba ubavuni, na hapo ulikomea. Hadi leo mmea ule hutoa jani lenye uzi au doa dogo mara mojamoja, lakini majani yale ya nusu kwa nusu sijayaona tena. Naufuta vumbi hata hivyo.

Mama mkwe alituma salamu kila lilipopatikana lori. Alikuwa amejenga kibanda cha miti na turubai, karibu na kaburi la mwanawe. Mifupa ya mzee alikuwa ameipata, au alipata mifupa na akaamua ni ya mzee, akaizika. Msimu mmoja alituma maharagi, mekundu na madogo, yamechambuliwa hata hakuna jiwe. Tulikula kidogokidogo ili yasiishe upesi.

Kisha salamu zikakatika, kwa sababu njia ilikatika. Habari ya kifo chake niliipata wakati wengine walikuwa wamekwisha kumaliza matanga. Mjukuu wa dada yake ndiye aliyeileta, msichana aliyekuwa akiishi naye. Hakuuawa na mtu. Alikuwa na homa na tumbo, kituo cha afya kilikuwa kimefungwa, na akafa mchana, amelala kwenye mkeka nje kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Alizikwa kando ya mwanawe. Nilimwuliza msichana kama marehemu alisema kitu kabla ya kufa. Alisema bibi aliuliza kama mtoto wetu anasoma.

Msichana alikaa kwetu hadi walipotangaza tena kwamba njia ni nzuri, nami nikaamua kwenda naye. Nilijifunga kitambaa kichwani hadi karibu na macho. Nilibeba shuka jeupe jipya na sabuni kwa wanawake waliomwosha mama mkwe, na misumari na rangi kwa ajili ya mbao za makaburi mawili. Tulipanda pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva, hadi kwenye bariyeri ya askari nje ya mji. Pale palikuwa na watu wengi wamesimama na mizigo. Askari mmoja alitutazama, akanitazama mimi zaidi.

"Mama, weye unaenda wapi?"

"Kuona kaburi ya bwana yangu."

Hakunikaripia. Alisema tangu asubuhi kuna milio ya risasi mbele, wenye kupita wanapita kwa miguu kwa njia ya porini, wale wanaojulikana kule. "Hao wanaweza," akasema. "Weye, rudi."

Msichana akanitazama. Nilimpa shuka, sabuni, misumari na rangi, nikamfungia vizuri mgongoni ili mikono yake ibaki huru. Alijiunga na wanawake waliokuwa wanashuka bondeni mmoja nyuma ya mwingine. Mimi nilisimama kando ya bariyeri hadi sikuweza tena kujua yeye ni yupi kati yao. Dereva wa pikipiki alingoja bila kunihimiza.